Mashine Zilizonukia Udi

Wanangu, mmesikia habari ya betri za chumvi? Niliisoma juzi kwenye simu, nikairudia yote tangu mwanzo, kisha nikacheka peke yangu barazani hapa Kikwajuni mpaka jirani akachungulia kuona nacheka na nani. Wanasema siku hizi zipo betri zinazotumia sodiamu, na sodiamu ndiyo iliyomo ndani ya chumvi hii hii tunayotia kwenye mchuzi. Mimi maisha yangu yote ya kazi nimepigana na chumvi. Chumvi ya upepo wa bahari ndiyo iliyokula nyaya za redio zangu, ikapandisha kutu kwenye antena, ikaziua televisheni za hoteli kule Kendwa kabla wageni hawajajua rimoti inabonyezwa wapi. Leo adui yangu kapewa ajira, na kazi yenyewe ni kutunza umeme. Dunia ina mambo!

Basi mkiniona nimechangamka kama mtoto siku ya Sikukuu, msinishangae. Mimi ni Raya, ingawa wengi wananiita Bi Fundi. Nimetengeneza redio, televisheni, video, antena na madishi ya mji huu tangu usichana wangu hadi magoti yaliponiambia ngazi basi. Nimestaafu kupanda mapaa, sijastaafu kupenda vitu vipya. Simu inayosoma maandishi kwa sauti, saa inayohesabu mapigo ya moyo, darubini iliyopelekwa angani kupiga picha nyota za mbali, vyote nataka nivijue, na kama inawezekana nivifungue.

Ninyi mafundi mliokaa Darajani na hadubini zenu za kutazamia bodi za simu, mnaniuliza kila mara kazi ya zamani ilikuwaje na hii ya sasa naionaje. Nitawajibu kwa kisa cha mashine mbili ndogo za masikioni, kila moja haizidi kokwa ya tende, ambazo mwaka huu nusura zimhamishe Bi Zuhura nyumbani kwake Mkunazini. Lakini kisa chenyewe kimeanzia mbali, kwa hiyo kaeni kitako.

Hakuna aliyepanga mimi niwe fundi. Mwenye kazi alikuwa Ami Haji, ndugu wa baba yangu, aliyekuwa na kibanda cha kutengenezea redio. Mimi nilikuwa mtoto wa kaka yake, napeleka chakula cha mchana na kuondoka jioni, kwa sababu nilipenda kuangalia risasi ya kuungia nyaya inavyoyeyuka kwenye ncha ya pasi ya fundi. Shida ya Ami ilikuwa mapaa. Mnaujua Mji Mkongwe ulivyobanana. Mwanamume akipanda paa la nyumba moja anaona nyua za nyumba zote jirani, na uani ndiko wanawake walikokaa vichwa wazi, wanasukana, wanapika. Kwa hiyo fundi alitakiwa apige ukelele kabla hajatia mguu kwenye ngazi: fundi anapanda, fundi anapanda! Hapo mitaa yote ilikimbilia ndani. Siku moja samaki wa watu waliungua jikoni kwa sababu Ami alikaa juu akibishana na waya, na mwenye samaki alimsubiri chini na mwiko.

Tena kulikuwa na ndani. Mwenye nyumba akiwa safarini, fundi mwanamume haingii. Televisheni ikifa mume yuko Pemba, itabaki imekufa hadi mume arudi. Ami Haji alikuwa na wateja asioweza kuwafikia, na mimi nilikuwa na mikono isiyotulia. Ndipo siku moja akaniambia nivae suruali chini ya buibui langu nipande. Mama yangu alimnunia mpaka Ramadhani ilipokuja kuwapatanisha.

Nilianza kwa aibu. Zamani antena iligeuzwa kwa mkono na picha ikaangaliwa kwa mdomo. Mimi niko juu, mtu mmoja kasimama dirishani, mwingine kakaa mbele ya kioo, na maneno yanapanda kwa kupokezana: bado, bado, rudisha kidogo, hapo hapo! Paa langu la kwanza nilisikia "hapo hapo" ikipigwa kwa furaha, nikakaza nati zote, nikashuka kifua mbele. Ndani kioo kilikuwa kimejaa chenga tupu. Kumbe nyumba ya pili nao walikuwa wanageuza antena yao saa ile ile, na ile "hapo hapo" ilikuwa yao. Nilikuwa nimelitii jumba la watu wengine. Leo simu inakuonyesha mshale, inakwambia geuza hivi, simama hapa, na haina jirani wa kukuchanganya. Naipenda kweli, ingawa zile kelele nazo nazikumbuka.

Na wateja nao walikuwa na mambo yao. Kule Bububu nilifunga dishi kubwa kwa mzee mmoja, picha ikasimama safi kabisa. Baada ya muda akaniita akilalamika kuwa matangazo yote yamepotea. Nilipofika nikakuta mkewe kalilaza dishi uani, kaanika dagaa juu yake, tena dagaa wamekauka vizuri kuliko wa jamvini. Mama yule alinieleza kwa upole kwamba kwenye televisheni hakuna kitu, ila dagaa wanaliwa.

Ami Haji alinifundisha mengi, lakini la kwanza ndilo lililobaki. Kila chombo kilipowekwa mezani nilikuwa nakimbilia bisibisi. Alikuwa ananishika mkono. "Kwanza nusa," alikuwa akisema. "Halafu tazama. Mkono uwe wa mwisho."

Nilidhani ni mzaha wa wazee mpaka nilipozoea. Transfoma iliyoungua ina harufu yake. Mjusi aliyekaangika ndani ya redio ana harufu yake, na huyo huwezi kumsahau hata ukitaka. Maji ya mvua, maji ya chumvi, chai ya maziwa, vyote pua inavitenga kabla jicho halijafika. Ninyi mna hadubini nzuri na nawaonea wivu, wallahi, lakini hadubini hainusi.

Sasa Bi Zuhura. Nyumba ya kwanza kunipokea nilipotumwa peke yangu ilikuwa yake. Alikuwa mke mpya, mumewe kaenda Pemba msimu wa karafuu, na televisheni ya rangi aliyoachiwa, fahari ya mtaa mzima, ilikuwa imeanza kufifia na kukoroma. Aliogopa mume atarudi akute imekufa mikononi mwake. Alifungua mlango, akaniona na kikapu changu cha vifaa, akachungulia nyuma yangu kichochoroni kumtafuta fundi. Nikamwambia fundi ndiye mimi. Alinitazama tangu kichwani hadi miguuni, akacheka, kisha akanipisha nipite. Milango mingine miwili nilishafungiwa kabla ya huo.

Nilipofungua mgongo wa televisheni, nikanusa kama nilivyofundishwa. Udi! Ndani mote mlikuwa na utando wa kahawia unaonata, umeganda juu ya kila kitu, na vumbi limejishika humo. Nikamuuliza. Akasema kila Alhamisi jioni anafukiza nyumba nzima, mapazia, mito, kanga, na televisheni nayo huifunua kile kitambaa chake cha kufuma akakiweka chetezo cha makaa chini yake, moshi uingie vizuri. Wageni wanakaa wameikodolea macho jioni nzima, kwa nini isinukie? Nilicheka mpaka bisibisi ikaniponyoka, naye akanuna, halafu akacheka pia.

Mnajua udi wetu si kijiti kitupu. Hupikwa na sukari, maji ya mawaridi na mafuta mazuri, na kila nyumba ina mkono wake. Moshi wake ni mtamu lakini unanata. Nilimsafishia televisheni yake kwa spiriti na pamba mpaka ikang'aa, nikamsihi asiifukize tena, na picha ikarudi kama siku iliyonunuliwa. Tangu hapo Bi Zuhura akawa ndiye mdomo wangu. Kila harusi aliyokwenda, kila maulidi, kila alipokutana na mwanamke mwenye redio bubu, alimwambia aniite mimi. Nyumba zilizonilisha miaka yote ya kazi, nyingi zilifunguliwa na mlango wake. Nilipozoea sana, nilikuwa nikifungua redio nakwambia imetoka nyumba gani kwa udi wake tu. Wa Bi Zuhura ulikuwa na karafuu kwa mbali, na siwezi kuuchanganya na mwingine.

Miaka imekwenda. Mume wa Bi Zuhura alishafariki, Mungu amrehemu, na mtoto wao mmoja, Nassor, anafanya kazi Dar es Salaam. Na masikio ya Bi Zuhura yakaanza kuondoka kidogo kidogo. Watu walimsalimia kichochoroni asiitikie, wakasema kaota kiburi uzeeni. Akaacha kwenda harusini, maana mtu anayecheka wengine wanapouliza swali huonekana kapungukiwa. Yule mwanamke aliyekuwa redio ya mji mzima akawa hatoki.

Nassor alimnunulia mashine za masikio. Nilikuwepo siku alipozivaa mara ya kwanza. Alisikia kandambili za mpita njia huko chini, akasikia maji ya bomba, akakaa anafungua na kufunga mfereji kama mchezo. Mimi nilizitazama zile mashine ndogo kwa tamaa kuliko nilivyowahi kutazama dhahabu. Ndani ya kitu kile mna kipaza sauti, mna kompyuta, mna betri, na kinachagua chenyewe sauti ipi ni ya mtu na ipi ni ya feni. Redio ya kwanza niliyofungua ilihitaji watu wawili kuibeba.

Baada ya miezi kadhaa zikaanza kufifia, hatimaye akasema zimekufa. Akazitia ndani ya kibweta cha hina, akarudi kwenye ukimya wake. Nassor alitaka kumnunulia nyingine, akakataa katakata. Vya ghali vile vimemfia mikononi, alisema, hawezi kuvizika vingine.

Kisha Ijumaa moja Nassor akaja bila kutoa taarifa. Akasimama chini mlangoni, akapiga hodi. Mnajua mila yetu: hodi ni tatu, usipojibiwa unarudi ulikotoka, hata iwe kwa nani. Akapiga ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kimya. Mtoto kasimama mbele ya nyumba aliyozaliwa, na kwa adabu aliyofunzwa na mama huyo huyo alitakiwa aondoke. Jirani mwenye ufunguo ndiye aliyemfungulia. Akamkuta mama yake kakaa anachambua mchele kwa raha zake, na jikoni birika limekauka juu ya gesi mpaka limekuwa jeusi.

Nassor alilia. Halafu akakata shauri: mama atahamia kwake Dar, nyumba itafungwa. Wengine mtaani walimsema vibaya. Mimi sikumsema, maana nami lile birika nililiona, na usiku ule sikulala vizuri. Mtoto aliyepiga hodi tatu kwa mama yake asijibiwe ana haki ya kuogopa.

Nilikwenda kumwona Bi Zuhura. Nilitumia simu yangu, ile programu inayosikiliza maneno na kuyaandika kwa Kiswahili hapo hapo, nikawa nazungumza naye anasoma kiooni. Mnaweza kuamini kitu hicho? Inajikwaa tukisema Kiunguja cha haraka haraka, lakini inatosha. Nikamuuliza yeye mwenyewe anataka nini. Akajibu kwa sauti kubwa, maana hasikii sauti yake mwenyewe.

"Hapa hata nkiwa kiziwi watu wanajua nlikuwa nani. Kule ntakuwa kikongwe kiziwi, basi."

Roho iliniuma. Nikatoka pale nimeamua kuwa huyu mwanamke haondoki kabla sijajaribu kila kinachowashwa kwa umeme.

Cha kwanza nilichojaribu kilikuwa simu yake. Nilisoma kwamba simu za sasa zinaweza kutambua sauti za nyumbani na kumuarifu mtu asiyesikia: mlango ukigongwa, kengele ikilia, mtoto akilia, maji yakimwagika, simu inatetema na kuwaka taa. Nilifurahi mno! Nikaiwasha, nikashuka kichochoroni, nikagonga mlango. Juu ikawaka. Nikagonga tena, ikawaka. Nikarudi nyumbani naimba. Kesho yake watu watatu walikuja kumjulia hali Bi Zuhura na simu haikutikisika hata kidogo, kwa sababu hapa kwetu nani anagonga mlango? Watu wanapiga hodi. Walioitengeneza simu ile waliifunza mpaka mbwa anavyobweka, hodi hawakuifunza.

Ilikuwa na nafasi ya kuiongezea sauti mpya, nikakaa nayo nikaifunza hodi kwa subira kama nafunza kasuku. Ikaelewa. Lakini ikaelewa hodi yangu tu. Akija mwingine, inanyamaza. Bi Zuhura alisoma maelezo yangu kwenye kioo, akaniuliza kama nitakuwa nasimama pale mlangoni kutwa niwapigie wageni hodi zao. Tukacheka wote wawili, kicheko cha kwanza kwa muda mrefu. Kisha nikamwomba anionyeshe zile mashine zilizokufa, nizione tu.

Akakileta kibweta. Mkono wangu ukaenda kwenye kikapu kutafuta bisibisi ndogo, na papo hapo nikamkumbuka Ami Haji. Nikaurudisha mkono. Nikaiinua mashine moja mpaka puani.

Wanangu, nilisisimka mwili mzima. Udi, na karafuu kwa mbali.

Nikamuuliza kama anajifukiza nazo masikioni. Alinishangaa. Bila shaka anajifukiza nazo. Kila jioni akishaoga hujifunika kanga gubigubi juu ya chetezo, nywele na shingo viingie moshi, kama anavyofanya tangu ni mwari. Mashine kapewa na mwanawe, zinakaa mwilini mwake, kwa nini zisinukie? Nilimkumbusha televisheni. Nilimkumbusha utando, spiriti, kila kitu. Akasoma kiooni, akaniangalia kwa macho yale yale ya siku aliyonifungulia mlango.

"Wewe ulinambia nisifukize televisheni," akasema. "Hukunambia nisijifukize mwenyewe."

Nilikuwa tayari nina chupa ya spiriti mkononi. Namshukuru Mungu sikuitumia, maana vitundu vyake vilikuwa vidogo mno kwa macho yangu. Nilizipeleka mashine kwa Asya, msichana mmoja anayefanya kazi kwenye kliniki ya masikio hapa mjini, nikamweleza habari ya udi. Hakunicheka. Alivuta hadubini, akanitazamisha, na pale ambapo sauti hutokea kuna kichujio kidogo kama punje ya ulezi, kimezibwa na utando wa kahawia ninaoujua tangu enzi za televisheni za mbao. Nikamwambia tukipake spiriti. Akanishika mkono, vile vile kama Ami. Alisema spiriti ingeunguza ngozi nyembamba ya spika iliyo nyuma ya kichujio na mashine isingeamka tena, na kwamba kichujio hakisafishwi, kinabadilishwa. Akachomoa kile kichujio kwa kijiti chenye ncha, akapachika kipya, akafuta vitundu vya kipaza sauti kwa brashi kavu. Nilimfanya arudie kunionyesha mpaka nikajua mwenyewe.

Mashine ya kulia ilipowashwa ikapiga kile kimlio chake cha kuamka, na mimi nikapiga vigelegele ndani ya kliniki, watu wakadhani kuna mtu kajifungua. Ya kushoto haikuamka. Moshi ulishaingia ndani sana, na Asya alisema kweli bila kunizungusha: hiyo imekwenda. Likabaki sikio moja.

Asya alikuja nami Mkunazini. Akampachika Bi Zuhura mashine, akatoa simu yake, akawa anaipandisha na kuishusha sauti kwa kidole bila waya wowote, anaongeza maneno ya watu, anapunguza feni. Nilikaa nakitazama kidole chake tu. Nilipoteza nusu ya ujana wangu kugeuza skrubu kwa pumzi moja, na huyu anateleza kidole kwenye kioo. Natamani ningezaliwa upya nianze kazi leo! Bi Zuhura akainua kichwa, akauliza nani anakwaruza hivyo. Nilikuwa mimi, navuta ndala yangu sakafuni.

Kuhusu udi, sikumwambia aache. Mwambie mwanamke wa Unguja aache udi uone utakavyotoka. Nilimpa kopo lenye kifuniko kinachobana, nikatia ndani vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, tukakubaliana: chetezo kikitoka, mashine inaingia koponi. Nawaambia na ninyi, msiishie kuuliza chombo kimeharibika lini. Ulizeni kinaishije humo nyumbani, kinalala wapi, nani anakipenda. Chombo hiki kiliuliwa na mapenzi, na hakuna mita inayopima hayo.

Tukampigia Nassor. Alifurahi, lakini hakukubali haraka. Sikio moja, aliuliza, na nyumba ya ghorofa, na gesi? Alisema atakuja Ijumaa na boti kama alivyopanga kuja kumchukua mama yake. Atapiga hodi kama mgeni yeyote. Akijibiwa, watakaa wazungumze. Asipojibiwa, mama yake afunge mizigo na pasiwe na maneno tena. Niliona ni mtihani mgumu. Bi Zuhura aliona ni wa haki, tena akauzidisha: simu izimwe, na mimi nikiwepo nisifungue mdomo, nisimguse, nisimkonyeze.

Ijumaa nilifika mapema. Bi Zuhura kakaa ghorofani juu ya mkeka na ungo wa mchele, feni inazunguka, dirisha la kichochoroni liko wazi nusu. Mizigo haikuwa imefungwa, lakini niliona begi tupu limesimama karibu na mlango, na yeye aliniona nimeliona. Hatukulisema. Chini watu walikuwa wanatoka msikitini, viatu, salamu, baiskeli. Nilikuwa nahesabu kila sauti, na kila sauti niliiona inaweza kuifunika ile tunayoisubiri.

"Hodi," ikasema sauti ya Nassor huko chini. Haikuwa kubwa. Nilidhani angepaza, hakupaza.

Nikamtazama Bi Zuhura. Anachambua mchele. Chuya moja, chuya ya pili, anazitupa pembeni. Pengine feni. Pengine kakaa upande mbaya, sikio lenye mashine limeelekea ukutani.

"Hodi."

Vidole vyake vilisimama kidogo juu ya ungo, kisha vikaendelea. Nilijiuma ulimi. Nilitaka kukohoa, nilitaka kuizima feni, nilitaka kumtikisa mabega. Nilijiona niko tena juu ya lile paa la kwanza, na picha ya watu iko mikononi mwangu. Huko chini kimya kikawa kirefu, na nilijua Nassor kasimama kaegemeza paji la uso kwenye mlango, naye anaogopa kama mimi.

"Hodi," akasema mara ya tatu, na sauti ikamkatika.

Bi Zuhura akaweka ungo chini, akajifuta mikono kwenye kanga.

"Karibu Nassor," akaita. "Vua viatu chini, nshapiga deki."

Nilisikia ngazi zinapandwa mbili mbili. Kilichofuata juu ya mkeka ule, mama na mwana, ni chao. Mimi nilikwenda jikoni nikateleka chai na nikalia huko, kwa furaha, bila kujificha sana. Tulikula wali pamoja. Nassor alipima kona zote za jikoni, akafunga kidude kinachokata gesi chenyewe, nami nikamshikia ngazi na kumuuliza kinavyofanya kazi mpaka akachoka nami. Jumapili alirudi Dar na boti, peke yake, na begi lile tupu akaondoka nalo likiwa limejaa halua ya nyumbani.

Alipokwisha kuondoka nikamgeukia Bi Zuhura kwa hasira ya kweli. Nikamwambia nusura aniue, kwa nini alisubiri mpaka ya tatu, je, ile mashine inachelewa, nimwite Asya?

Alikuwa anaitoa sikioni, anaitia koponi. Chetezo kilishawaka.

"Nlisikia ile ya mwanzo," akasema. "Nlitaka nzisikie zote tatu."